Ndoano za Spoki

Baba yangu, Mzee Rugaibula, ana sheria moja ya uvuvi, na humtangazia yeyote anayekaa naye kwenye mawe ya ziwani zaidi ya dakika tano: samaki asiyekwenda kwenye sufuria ya Joyness arudi majini akiwa hai. Joyness ni mimi. Sufuria ni yangu, lakini sheria sikuitunga mimi, na Jumamosi nyingi imeniudhi, kwa sababu baba ameshaamua kwamba sufuria yangu inatosha sato wawili, hata kama amenasa sita na wageni wako njiani.

Alihamia kwangu Kagondo, hapa Bukoba mjini, miaka kumi na moja iliyopita, baada ya mama kufariki. Kibanja chake cha kijijini Izigo alimwachia dada yake, Shangazi Magdalena, pamoja na kahawa na migomba yote, akaja na begi moja na mshipi uliozungushwa kwenye kopo la maziwa. Nilidhani angekaa mwezi mmoja arudi. Mtu aliyelima maisha yake yote, ukimweka mjini hajui mikono aiweke wapi. Ziwa ndilo lililomtuliza.

Kwenye mawe yale, karibu na mahali mto Kanoni unapoingia ziwani, huwa kuna wavuvi kumi au zaidi wa ndoano. Wengi wao wakimnasa gogogo, yule samaki mdogo mwenye miiba mgongoni na ubavuni, humkanyaga kwa kandambili, wakamng'oa ndoano na kumtupa juani akauke. Hawamli. Wanasema anawamalizia chambo tu. Baba hakuweza kulivumilia jambo hilo. Alipita kwenye mawe ya watu akiwasukuma gogogo kwa fimbo mpaka majini, huku akimuuliza kila mmoja: kama humtaki, ulimwitia nini? Wakampa jina, Wakili wa Gogogo. Siku moja fimbo haikutosha, akatumia mkono, mwiba ukamwingia kidole gumba. Wiki mbili nilimkanda kwa maji ya moto na chumvi, nikimuuliza kama wateja wake wameleta hata salamu za pole.

Kwa kamongo ilikuwa habari nyingine kabisa. Kamongo ni yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye mapafu, anayepanda juu ya maji kuvuta pumzi. Kwa ukoo wetu ni muziro. Hatumli, hatumuui, na kwa jinsi babu alivyomlea baba, hata kumgusa hatumgusi. Ukimwaga damu yake, ngozi yako itababuka na meno yatakutoka. Baba ni mzee wa usharika. Jumapili anapitisha kikapu cha sadaka na atakueleza bila wasiwasi kwamba mambo hayo ni ya zamani. Lakini Jumamosi akinasa kamongo, hata usoni hamtazami. Anatoa wembe, anakata mshipi, na kamongo anakwenda zake na ndoano mdomoni.

"Itaoza," alikuwa akisema. "Mwezi mmoja tu, inaoza inadondoka."

Alifundishwa hivyo na babu, enzi za ndoano za dukani zilizoshika kutu kabla hujazifunga vizuri.

Rafiki yake wa pale ziwani ni Mzee Burhani, fundi baiskeli wa mjini, mtu wa maneno machache na nyusi zinazosema mengi. Ndoano za baba zilitoka kwenye karakana yake. Baba aliokota spoki zilizotolewa kwenye magurudumu, akazikunja kwa plaizi, akazinoa kwa tupa, akachonga kile kijino kinachomzuia samaki asichomoke. Kile kichwa kidogo cha spoki alikiacha palepale juu, ili mshipi usiteleze. Hakuna mtu mwingine Bukoba nzima niliyemwona na ndoano kama zile, na baba alizisifia mpaka kanisani. Hazishiki kutu, alimwambia kila mtu.

Ndoano itaoza. Ndoano zangu hazishiki kutu. Maneno yote mawili niliyasikia kila wiki kwa miaka kumi na moja, na mimi niliyesoma mpaka kidato cha sita sikuwahi kuyakutanisha.

Burhani anampenda kamongo wa kukaushwa kwa moshi kuliko samaki mwingine yeyote. Lakini kwa heshima ya rafiki yake hakuwahi kumpitisha mbele ya baba. Akimnasa, alimbeba upande wa pili wa mawe na kummalizia huko, na baba alijifanya anaangalia mawingu. Waliishi hivyo, na walielewana.

Jumamosi moja ya mwezi wa tatu, mvua ilikuwa imekatika asubuhi, nikamfuata baba ziwani na vidonge vyake vya presha alivyovisahau mezani. Nilimkuta ameketi, na Burhani amesimama akivuta mshipi. Burhani alilalamika kwamba kilichonasa ni chepesi mno, labda tawi la mafunjo. Halafu kikatokea kichwa.

Alikuwa kamongo, urefu wake kama mkono wangu mpaka begani, lakini sijawahi kuona samaki amekonda vile. Kichwa kilikuwa kikubwa, na nyuma yake mwili mwembamba kama kamba ya kufungia mbuzi. Ndoano ya Burhani ilikuwa imemkwama kwenye pezi tu. Hakuwa ameuma chambo. Asingeweza kuuma. Pembeni mwa mdomo wake kulikuwa na ndoano nyingine, inang'aa kama imetoka dukani leo, na ya tatu ilikuwa imetoboa kutoka ndani ikatokea chini ya taya. Mdomo haukufungika. Kwenye kila ndoano kulikuwa na kipande kifupi cha mshipi, na kile kichwa kidogo cha spoki.

Burhani aliona kabla yetu. Nami nilimwona akifanya kitu ambacho sitakisahau: yule mzee aligeuka, akaweka mwili wake katikati ya baba na samaki, akalikunjua koti lake la mvua kana kwamba anatafuta kitu mfukoni.

"Takataka tu," alisema. "Endelea, Rugaibula, mshipi wako unachezwa."

Baba hakuangalia mshipi. Alisimama, akamsogeza rafiki yake kwa kiganja, taratibu, akachungulia. Alitazama muda mrefu. Kamongo alikuwa juu ya jiwe, na kwa kuwa ana mapafu hakuwa anakufa. Alivuta pumzi, na ilisikika, kama mtu aliyechoka akikaa kitini.

"Lakini zinaoza," baba alisema.

Burhani akasema kwamba spoki hizo ni za chuma kisichooza, ndiyo sababu zinafungwa kwenye gurudumu linalopita matopeni kila siku.

"Na ulijua?"

"Nilijua hazishiki kutu. Sikujua kwamba unategemea zioze."

Nilimwona baba akihesabu, si kwa vidole, kwa macho, akiyatazama maji. Miaka kumi na moja ya Jumamosi. Samaki huyu mmoja aliuma mara mbili na mara mbili akaachiliwa kwa huruma. Wengine wako wapi? Nilishika vidonge vyake mkononi mpaka vikaanza kulowana kwa jasho.

Burhani alimwambia asihangaike. "Nipe mimi. Nitammaliza upande ule, kama siku zote. Wewe geuka tu."

Na hapo ndipo niliona kwamba baba anaogopa, kwa sababu aliificha mikono nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeiba sukari. Taya lile lisingefungika tena hata ndoano zikitolewa; kumrudisha majini ilikuwa ni kumrudishia njaa. Kumuua ilikuwa ni kuvunja kitu alichopewa na babu, kitu pekee cha Izigo alichokuja nacho Kagondo bila kukipunguza.

"Nikigeuka," alisema, "nitakuwa nimekata mshipi mara nyingine."

Akaomba kisu. Alipiga magoti, akamshika kamongo kwa mkono wa kushoto, nyuma ya kichwa, na huo ulikuwa mguso wa kwanza katika miaka sabini na mmoja ya maisha yake. Alimwambia maneno kwa Kihaya, kwa sauti ya chini, na niliyoyasikia yalikuwa ya kumwomba radhi, kwa adabu ile anayoitumia kwa wakubwa wake. Kisha akakata, mara moja, kwa nguvu zote, mahali Burhani alipomwonyesha. Akachomoa ndoano zote mbili za spoki, akazifuta kwenye suruali, akazitia mfukoni. Burhani, aliyempenda kamongo kuliko samaki wote, ndiye aliyechimba shimo nyuma ya mawe, penye udongo, akamfukia mzima mzima. Hakuomba hata mkia.

Wiki ile baba alikuwa mgonjwa bila ugonjwa. Alikaa kwenye migomba yangu akitazama ngozi ya mikono yake, na mezani nilimwona akipapasa meno yake kwa ulimi, moja moja. Zamani ningemtania. Nilimhurumia, nikamwongezea mchuzi.

Alhamisi alisema lazima aende Izigo akaungame kwa Shangazi Magdalena, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Nilimsindikiza. Shangazi ana miaka themanini na haongei na mtu mpaka amalize kazi iliyo mkononi. Tulimkuta anamenya ndizi, na baba alisimulia kila kitu akiwa amesimama, kofia mkononi, na ndizi zikaendelea kumenywa. Nilijua baba alichokuwa anakiogopa. Aliogopa ataambiwa asirudi tena kwenye kibanja kile, na kwamba siku yake ikifika hatazikwa pale, kando ya mama.

Shangazi aliweka kisu chini.

"Ndoano zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Zako?"

Baba alizitoa mfukoni na kuziweka kwenye jani la mgomba mbele yake. Shangazi alizigeuza kwa kidole.

"Basi hukumuua Jumamosi," alisema. "Ulimuua siku ulipokata mshipi ukaenda nyumbani kula. Jumamosi ulimfikisha tu."

Lilikuwa neno kali, na baba aliinamisha kichwa. Lakini shangazi alikuwa ameshamwita akae, na akamsogezea kisu cha pili na lundo la ndizi. Tulikula pamoja mchana ule. Jambo hilo shangazi hakulirudia tena.

Jumamosi iliyofuata baba alikwenda kwenye karakana ya Burhani na kopo lake, akachukua plaizi na kulaza kijino cha kila ndoano mpaka ikawa laini kama sindano. Burhani alimtazama, kisha akaleta kopo lake mwenyewe bila kuambiwa. Tangu siku hiyo sato wanachomoka ovyo, na Jumamosi nyingi napika maharage. Kule kwenye mawe watu wanawacheka wote wawili. Nami nilinung'unika, sitaficha.

Mwezi wa sita nilipeleka tena vidonge, nikamkuta baba amenasa kamongo, mnene, mwenye hasira, anajizungusha mwili mzima. Wembe ulikuwa palepale juu ya jiwe. Baba aliinama, akalowesha mikono yake ziwani kwanza, yote miwili, kisha akamshika. Ndoano ilitoka kwa mvuto mmoja. Akamteremsha majini, akamwachia.

Nilimpa kidonge na kikombe cha maji. Akanionyesha kwa mkono nisubiri. Burhani naye alikuwa amesimama, ameacha mshipi wake, na wote wawili walikuwa wanatazama mahali pamoja, mbele ya mafunjo. Tulisubiri mpaka miguu yangu ikachoka. Ndipo maji yakafunguka kidogo, kichwa kikatokea, tukasikia kamongo akivuta pumzi, na baba akameza kidonge chake.