Karatasi ya Njano na Unga wa Ubatizo

Iko siku moja ya ujana wangu ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, maana siku hiyo nilikaribia kumuua mama mukwe. Usicheke, mwanangu. Kaa vizuri usikilize.

Nilikuwa nimeolewa miezi michache tu. Mama mukwe alikuwa anakuja kwa treni kutoka Ubundu, kuangalia kama mwanawe anakula vizuri. Muhogo wetu ni ule mchungu, na kila msichana wa kwetu anajua: unauacha majini siku tatu, mpaka ulainike na kutoa harufu yake. Mimi siku mbili nzima nilizimaliza kwa kusukwa nywele na kupiga domo na wenzangu. Muhogo ukalala kijitoni usiku mmoja tu. Nikaukausha juu ya moto, nikautwanga. Fufu, ule ugali wetu wa muhogo, ikatoka nyeupe, nzuri machoni. Mama mukwe akala, akasifu samaki. Kabla ya jua kushuka alikuwa anatapika, kichwa kinazunguka, miguu haimbebi.

Alipopata nafuu akaniita. "Unataka nikufe, ubaki na mutoto wangu peke yako?"

Nikalia, nikasema sikujua.

"Ulijua," akanikata. "Mutu asiyejua, namufundisha. Wewe ulijua, ukafanya haraka."

Nikabeba mabaki ya fufu, nikaenda kuyafukia.

Bon. Sasa nikueleze ya mwaka huu. Tulikuwa tunambatiza kitukuu changu. Magoti yangu hayafiki tena kijitoni, donc nilinunua unga wa muhogo sokoni, mfuko mzima. Nikaunusa, nikauonja kwa ncha ya ulimi, nikasema ni safi. Mjukuu wangu Furaha, anayeniita Koko, yaani bibi, na anayesoma kemia kwenye chuo kikuu chetu hapa Kisangani, akachota kidogo, akautia kwenye kichupa pamoja na maji, akaning'iniza ndani kipande cha karatasi ya njano, akafunga kifuniko.

"Hiyo karatasi inakula fufu?" nikamuuliza.

"Hapana, Koko. Inatafuta sumu. Asubuhi ikiwa njano bado, tutakula. Ikigeuka kahawia, sumu iko."

"Pua yangu iko na miaka mingi kuliko hiyo karatasi."

"Na tunaiheshimu, Koko. Lakini sumu hii pua haiwezi kuinusa."

Asubuhi ya ubatizo karatasi ilikuwa kahawia kama chai ya rangi. Nikaiangalia kwa jicho baya, lakini haikubadilika. Mfuko mwingine sikuwa na uwezo wa kununua, na wageni walikuwa tayari misani.

"Usimwage," Furaha akasema. Akanieleza kwamba wanakemia wamegundua njia nyepesi: unga unauchanganya na maji, unautandaza mwembamba kwenye mkeka, unauacha juani masaa mawili. Ile sumu inageuka hewa, inakwenda zake. Halafu unapika kama kawaida. Akaniambia pia kwamba mtoto akiila sumu hiyo kidogo kidogo siku nyingi, na chakula kingine hakuna, miguu inaweza kukazana, asitembee vizuri tena maisha yake yote. Hapo nikaacha kubishana. Tukautandaza.

Wageni wakarudi na njaa, wakakuta chakula kimelala uwanjani.

"Mama," akasema Safari, mwanangu wa mwisho, kwa sauti ili wote wasikie, "siku hizi fufu nayo inaanikwa kama suruali?"

Watu wakacheka mpaka paroko akacheka. Mwingine akasema, pika tu, kidogo haiui mutu. Lisaa limoja tu lilikuwa limepita, maji yalikuwa yanachemka, na mkono wangu, nakwambia kweli, ulikuwa umeshashika mwiko. Kisha nikawaona watoto wamekaa kwa mstari, kila mmoja na sahani yake. Mara hii pia nilikuwa najua.

"Hakuna kupika," nikasema. "Mwenye njaa ale makemba. Na wewe Safari, fukuza kuku kwenye mkeka, mudomo wako ufanye kazi."

Akawafukuza, huku anatafuna makemba yake, zile ndizi za kuchoma, na kunung'unika. Furaha akawatuliza wageni kwa habari za shuleni kwake: kwamba hata maganda ya muhogo, wanakemia wanaweza kuyafanya makaa ya kuchuja maji machafu. Miaka yote hiyo mimi nawatupia mbuzi!

Masaa mawili yalipotimia tukapika. Tukala, tukacheza mpaka jioni, na hakuna aliyeshika tumbo. Safari aliongeza sahani mara mbili, halafu nikamkuta pembeni anamwomba Furaha karatasi mbili za njano kwa ajili ya unga wa mke wake.

Mwanangu, mimi sikusoma sana, basi nakwambia wazi. Usimdharau mtoto kwa sababu ulimwogesha mwenyewe akiwa mchanga. Sikia kwanza anachosema. Na ukishajua kwamba kitu kina hatari, usijifanye hujui kwa sababu wageni wanakuangalia. Wacha wacheke. Watacheka, halafu watakula, halafu watarudi nyumbani kwa miguu yao.

Mungu akubariki wewe, abariki sahani yako na wote watakaoizunguka. Uzae, ulee, uzeeke. Na siku mjukuu wako atakapokusahihisha mbele za watu, Mungu akupe moyo wa kumsikiliza.