Daktari wa Baba

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa dagaa Ujiji. Matokeo yangu ya kidato cha sita yalipotoka, alitangaza msikitini kwamba bintiye anakwenda kusomea udaktari. Alama zilitosha. Mimi nikachagua famasi. Nilikuwa nimewaona wagonjwa wengi mno wakitoka dirisha la dawa hospitalini na vibahasha vya vidonge wasijue hata wavimeze vipi, na kazi ya kuwaeleza ndiyo niliyoitaka.

"Nimekusomesha uje uuze panadoli?" aliniuliza.

Hakurudia tena. Ila mtaani aliendelea kuniita daktari, na mimi kwa ulimi huu wangu, kila aliyeniita hivyo nilimsahihisha palepale: mimi mfamasia. Wengine walinipa pole, eti nimefeli. Iliniuma, sitaficha.

Baadaye baba akapata presha. Nilimweleza kwamba dawa ni ya kila siku, hata akijisikia mzima. Akanisikiliza kama anavyomsikiliza mteja asiyenunua, kisha akasema atamsubiri daktari aseme. Mama ndiye aliyepata ujanja. Nikawa namwambia yeye, naye anampelekea baba: daktari kasema. Baba anameza bila ubishi. Tulikuwa tunacheka jikoni mimi na mama, ingawa changu kilikuwa kicheko cha uchungu.

Kisha mama akaenda Kalinzi kwenye msiba wa dada yake, akakaa huko. Baba akajiona mzima, akaacha dawa. Kila jioni nilipita kumkumbusha. Nilibembeleza, nikafoka, wapi! Jibu lake moja: daktari akija atameza. Akaja kuanguka pale pale anapoanikia dagaa. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalegea, na maneno yakapotea.

Hospitali walipomruhusu, mama alikuwa amesharudi, lakini hata ile "daktari kasema" yake haikufaa kitu tena. Baba alikuwa amekata tamaa. Asubuhi moja nilimsagia kidonge kwenye uji, nikampelekea kijiko. Akafumba mdomo, akageukia ukutani. Nilikaa pale na kijiko mkononi.

Ndipo akaingia mzee jirani, swahiba wake wa msikitini, kuja kumjulia hali. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Akamwinamia baba, akasema kwa sauti ya kumchangamsha, "Huyu ndiye yule daktari wako, siyo?"

Baba akageuka, akanitazama. Midomo ilitikisika, sauti haikutoka. Nilijua anaogopa nitakachojibu, maana siku zote nilijibu kwamba mimi mfamasia.

"Ndiyo, mzee wangu," nikasema. "Mimi ndiye daktari wake."

Nikasogeza kijiko. Baba akafungua kinywa, akanywa uji wote mpaka bakuli likabaki tupu. Nikalipeleka uani kuliosha, nikalia huko mpaka mama akanifuata.

Tangu hapo kila asubuhi nikiingia chumbani kwake nasema, "Daktari amekuja, baba." Naye hufungua kinywa.