Sinema ya Mama Vitumbua
Mama vitumbua wetu wa Temeke ameiona sinema moja ya Kihindi mara nyingi, ingawa kila mara hutoka kabla haijaisha, awahi nyumbani kuloweka mchele. Asubuhi huwasimulia makuli wa bandarini huku akigeuza vitumbua kwa kijiti. Wimbo ukifika huuimba, maneno akijitungia mwenyewe. Msichana akinyemelewa na jambazi, sauti hushuka na kijiti husimama, mpaka kuli mmoja anunue kitumbua kingine. Mwishowe msichana huolewa, na makuli huenda kazini wakipiga miluzi.

Juzi jirani yake, Mauwa, alikwenda kuiona mpaka mwisho. Jana asubuhi akaja amenuna.

"Dada, mbona yule msichana anakufa?"

Makuli wakamgeukia mama vitumbua. Kijiti kikasimama, kitumbua kikaungua.

"Labda," akasema akikigeuza, "siku uliyokwenda wewe."