Nusu ya Baba

Mpimaji wa maabara ile ya Kamalondo hakuweza kuitaja HLA bila mikono. Aliunganisha viganja hadi pakabaki mfereji katikati, akalaza humo kifuniko cha kalamu, akaeleza kwamba hivyo ndivyo protini hiyo inavyosimama juu ya seli nyeupe, ikiwaonyesha askari wa mwili kipande cha kilichomo ndani. “Na kila mutoto anabebaka nusu ya baba, nusu ya mama,” alimalizia kila mara, kama anayehubiri. “Bantu banadanganyaka. HLA haidanganyake.” Mashini yake aliifuta kila asubuhi kwa leso yake mwenyewe.

Jumatatu Papa Kabengele, mshonaji wa mtaa wa pili, alifuata majibu. Alitaka kumpa mwanawe figo. Mpimaji aliisoma karatasi mara mbili. Kati ya baba na mwana hapakuwa na nusu wala robo. Viganja vikalala mezani, havijui la kuonyesha.

“Papa, mashini iliharibika,” alisema. “Tutapima tena.”

Papa Kabengele alicheka polepole. “Weye haujue kudanganya. Ile nilijuaka tangu mama yake iko na mimba. Sema tu, figo yangu itamufaa?”

Mpimaji aliirudia karatasi. “Groupe ya damu ni moja. Inaweza kumufaa, papa. Ila dawa za kuzuia mwili wake usiikatae zitakuwa mingi.”

“Basi andika.” Mzee alisimama, akavaa kofia. “Na mutoto akikuuliza, umuambie ile ya mashini kuharibika.”