Gari Lenye Sufuria

Kwetu magharibi, mwanamume halali chini ya paa moja na mama wa mke wake. Hata mikono hawapeani. Husalimiana kwa mbali, kila mmoja akiangalia pembeni. Si uadui. Ni heshima, na ukiizoea huioni tena. Ndiyo maana nyanya, mama wa mama yangu, alipoletwa Nairobi kutibiwa mgongo hakukaa kwetu Kawangware. Alikaa Mashimoni kwa mjomba.

Matibabu yalipoisha alitaka jambo moja tu: kurudi nyumbani. Daktari alikubali, ila akasema asikae kitako safari nzima. Alazwe. Sasa ni basi gani la Kakamega linalolaza mtu?

Baba, fundi wa kuchomelea vyuma, alikumbuka gari kuukuu lililotelekezwa kwenye gereji moja ya Riruta. Lilikuwa la wale watalii wanaotembea na makao yao: vitanda, sinki na jiko, vyote ndani. Kuku walikuwa wakitaga kwenye kiti cha dereva. Mwenye gereji alitaka nafasi yake, akamwambia baba alikokote aende nalo.

Tulilitengeneza wenyewe. Baba alikata sakafu iliyooza, akachomelea mpya. Mjomba, aliyewahi kuendesha lori, alishika injini. Mimi nilipiga msasa kuta mpaka vidole vikafa ganzi. Mama alinunua mapazia ya maua Soko la Toi, akatandika kapeti, akapanga sufuria. Baba naye, akijua atahitaji kujinyoosha njiani, akafunga kitanda cha pili kwa bolti juu ya kile cha nyanya. Jioni tulikaa humo tukinywa chai na kujisifu.

Siku ya safari tulilisimamisha barabarani, kwa kuwa halingepita vichochoroni. Nyanya alikuja polepole, mjomba amemshika mkono. Baba akajificha nyuma ya gari, inavyopasa. Nyanya alichungulia mlangoni, akasimama.

"Hapa analala nani?"

"Wewe, mama," mama akajibu.

"Na huko juu?"

Mama akanyoosha pazia.

"Si nawauliza? Huko juu?"

"Ni pa dereva... kupumzika kidogo tu," mama akasema.

"Dereva ni mkwe wangu. Mimi nilale hapa, mkwe wangu aning'inie juu yangu kama popo? Nyinyi mko sawa?"

Mjomba alibana kicheko. "Lakini mama, hii ni gari. Si unaona usukani?"

"Gari gani ina sufuria?"

Niliangalia kile kitu tulichokihangaikia, nikashindwa kusema ni nini. Siku zote tulikiita gari, huku tukikifanyia kila kitu ambacho nyumba hufanyiwa. Na sisi mila tunaijua! Nani kati yetu angekumbuka, na angekumbuka wakati gani? Kwenye kapeti? Kwenye kitanda?

Tukaanza kutoa vitu. Sufuria, kapeti, mapazia. Mjomba alifungua bolti za kitanda cha juu, baba akimwelekeza kutoka nje, kupitia ukuta wa bati: "Ya kushoto kwanza! Kushoto kwako, si kwangu!"

"Na usukani atashika nani?" nyanya akauliza.

Nikamwona baba akitokea, macho yake yakiwa upande wa pili wa barabara, akimnyooshea mjomba ufunguo. "Gia ya pili huruka," alisema. "Usiisukume. Ishike hivi, taratibu, itaingia yenyewe." Akarudia mpaka mjomba akaweza.

Nyanya, akiangalia ukuta, akasema, "Asante, mkwe."

Nilitaka kuuliza: je, bila sufuria limekuwa gari? Na kama ni gari, kwa nini baba asiendeshe? Lakini nyanya alikuwa ameshaanza kupanda, na mama anamwekea mto. Wakaondoka. Baba nami tukatembea kurudi Kawangware, tumebeba vyombo kama watu waliofukuzwa.

Alasiri mama alipiga simu. Walikuwa wamefika Kericho.

"Amelala njia nzima," alisema. "Ameamka sasa hivi, anauliza mlango wa nyumba hii hufungwa vipi. Unapigapiga."

"Wa nyumba?" baba akasema, akaniangalia.

Nami nikamwangalia.

"Mwambie auinue kidogo," akamwambia mama mwishowe, "halafu ndiyo auvute."