Abdulswamad na Msuko wa Nyaya

Abdulswamad wa Mwembesongo alijitapa kuwa Morogoro nzima hakuna fundi anayefunga nyaya kwa unadhifu kama yeye, na hapo hakudanganya. Kazi aliijulia katika kiwanda cha serikali, ambako nyaya zote zilifungwa pamoja, zikalala kama msuko wa bi harusi.

Sasa alikuwa kwenye kiwanda cha alizeti cha mtu binafsi, na tajiri huyo hana subira. Kidhibiti cha zamani cha kuongoza mashine kilipokufa, Abdulswamad alipachika ndani ya kabati la chuma kibao cha kielektroniki cha wanafunzi kujifunzia, kinachoenea kiganjani. Lakini kila mota kubwa ilipowashwa, kibao kilizimika na mashine zote zikasimama.

"Zikisimama tena, naita mafundi wa Dar," alisema Ernest, meneja. "Wewe utapumzika nyumbani."

Abdulswamad alibadilisha hiki na kile, wapi! Mwishowe akautazama msuko wake: nyaya nene za mota zimezikumbatia nyembamba za kibao, umeme wa mota unazivuruga.

"Mjomba, unaukata?" Josephina, mwendesha mashine, alishangaa. "Si ndio ulioturingishia wiki nzima?"

"Nyamaza, mwanangu. Nipe koleo."

Alikata vifungo kwa uchungu, kama anayenyolewa kwa nguvu. Nyaya nyembamba akazipitisha upande wa pili, zikaning'inia ovyo.

"Washa!"

Mota ikanguruma. Taa ya kibao ikapepesa, ikafifia, kisha ikatulia ikiwaka.

Ernest akaja kuchungulia. Abdulswamad akaubamiza mlango wa kabati, akauegemea.

"Imepona, bosi. Humu ndani hakuna cha kutazama."