Nani Anampikia Huko Salalah?

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka masikio yananiwaka moto. Nakuandikia kwa sababu unanijua, mie maneno ya kusema hunikwama, na hata ya kuandika huja polepole, maana skuli niliishia ya msingi. Ijumaa wanakuja watu kukuposa. Soma hii kabla hawajafika.

Tulikuwa tumehamia Mabela, pembeni ya Maskati, nyumba bado inanuka rangi. Rahma, binti ya mjomba wangu, alikuja kututembelea kutoka London, na sandukuni, chini ya nguo zake, alikuwa na kikasha cha DVD cha rangi ya waridi. Vilikuwa vichekesho vya mfululizo vilivyoonyeshwa kwenye televisheni za huko, sasa vimetolewa kwa DVD ili watu wavitazame majumbani. Vilihusu wanawake ambao hawajaolewa. Wanatoka na wanaume, kisha wanakutana mkahawani kuhadithiana. Kwetu Maskati kitu kama hicho hukioni kwenye televisheni.

Mama alipokwenda sokoni Matrah tulijifungia sebuleni, Rahma akinifasiria. Nilitazama huku nimeziba uso kwa mto, nachungulia kwa jicho moja. Nilishtuka, mwanangu, usidhani sikushtuka. Wale wanawake walisema mbele ya mhudumu wa mkahawa mambo ambayo mie nisingejisemea hata peke yangu.

"Huyo mchumba wako wa Salalah," Rahma akaniuliza huku anacheka, "umeshapata kumwona?"

"Picha tu."

"Kijana?"

"Mtu mzima."

"Mtu mzima, na miaka yote hiyo yuko Salalah peke yake? Anapikiwa na nani huko?"

Nilimpiga na ule mto. Lakini neno lile likanibaki.

Ujue mambo yalivyokuwa. Huyo mtu, aliyekuwa akiishi Salalah, mbali kusini, alikuwa ameshaniposa kwa baba, na baba ameshatoa neno. Ilibaki mama yake, Bi Zuwena, aje kuniona na kupanga siku ya milka, yaani akdi ya ndoa. Mie niliulizwa mara moja tu, nikainamisha kichwa, na kwa ada yetu mwali akinyamaza basi amekubali. Kusema kweli nilinyamaza kwa sababu sikujua la kusema.

Alasiri ile ile Bi Zuwena akaja na jamaa zake wanawake, mapema kuliko tulivyowatarajia, mama ndiyo kwanza karudi sokoni. Mama aliwapa halwa na kahawa, kisha akataka kuwaonyesha video ya harusi ya dada yangu mkubwa, kama tunavyofanya tukiwa wanawake watupu, maana picha za harusi zetu mwanamume hazioni. Akawasha mashine bila kutazama kilichomo ndani.

Wakatokea wale wanawake wa Rahma, mabega wazi, gilasi mkononi.

Mama Kiingereza hakijui, akadhani ni tangazo. Lakini Bi Zuwena alisomesha zamani Unguja, anakisikia vizuri. Kikombe kikamsimamia njiani, mdomoni hakifiki.

"Yarabi toba! Bi Shekha, unajua wanasema nini hawa?"

"Wanasema nini?" mama akauliza.

"Sikwambii!"

Wale jamaa zake wakavuta mitandio mpaka puani, ila macho hayakuondoka kwenye kioo. Mama akaitafuta rimoti chini ya mito yote. Rahma ndiye aliyeikalia, na alikuwa amekauka kwa hofu, hainuki. Nadhani Bi Zuwena alitaka kulipoza jambo, akanigeukia mie.

"Alhamdulillahi," akasema, "mwanangu anapata mke asiye na maneno. Hawa wanauliza kila kitu."

Sijui sauti niliipata wapi.

"Bi Zuwena," nikasema, "huko Salalah nani anampikia?"

Mama alinitazama kama aliyeona ukuta umesema. Bi Zuwena alitaka kuweka kikombe chini, akakikosa kisahani, kahawa ikamwagika kwenye zulia jipya na hakuna aliyeifuta.

"Mkewe," akasema.

"Mke gani?" mama akauliza, na sauti haikuwa yake.

"Anaye mke. Na watoto. Tulisema tutakwambieni baada ya milka, mambo yakishatulia."

Mama alikaa pale pale sakafuni. Nyuma yake wale wa kwenye kioo wanaendelea kucheka.

Wageni wakainuka. Mlangoni, Bi Zuwena akivaa viatu, alinishika kidevu. Nilidhani atanitukana.

"Mie nami nilimkuta mke mwenzangu siku niliyopelekwa kwa mume," akaniambia kwa sauti ndogo. "Hakuna aliyeniambia, nami sikuuliza. Ungenyamaza, mwanangu, ningekuchukua."

Baba alirudi baada ya magharibi, akasimuliwa. Akavua kofia, akaiweka gotini.

"Nimetoa neno kwa kunyamaza kwako," akasema. "Kumbe sikuwa nimesikia kitu."

Asubuhi yake alikwenda mwenyewe kwa watu wale kulirudisha neno, na haikuwa kazi nyepesi kwa mtu kama yeye. Tangu hapo, dada zako wakubwa, watoto wa mama yako mkubwa, walipoposwa wote babu yenu aliwaketisha mbele yake na akangoja mpaka waseme kwa mdomo.

Basi, mwanangu, sikwambii uwe kama wale wa kwenye DVD. Mambo yao mengine mpaka leo siwezi kuyaandika hapa. Wala mke wa pili si haramu. Wapo wanaoridhia, na ni haki yao. Ubaya ni kufichwa. Ijumaa wakikuuliza, usiinamishe kichwa ukawaachia watu wakujibie. Uliza anaishi na nani, uliza anataka nini kwako. Uliza kwa heshima, mbele ya mama yake. Anayekutaka kwa kheri hatachukia, na anayechukia umeshapata jibu lako.

Baba yako alipokuja kuniposa nilimuuliza hilo hilo la mapishi. Akanambia anajipikia mwenyewe, na wali wake unaungua. Nikacheka, nikakubali. Na kweli unaungua mpaka leo.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba unayoijua kabla hujavuka mlango wake, na siku ukihitaji sauti, isikukwame kooni kama inavyonikwama mie.